Acha Kipate Hewa

Kama ulisoma shule ya msingi Kenya, basi unaijua GV, ile dawa ya zambarau iliyokaa kabatini pamoja na pamba na chupa ya spiriti. Ukianguka uwanjani goti linapakwa, unapiga nduru, halafu unaambiwa: usifunge, acha kipate hewa. Kidonda kikikauka na kufanya kigaga, kila mtu anaridhika. Kigaga ndicho kilikuwa cheti cha kupona.

Mjomba wangu aliamini hivyo hata kisukari kilipompa kidonda chini ya kidole gumba cha mguu. Kila asubuhi alikaa barazani, mguu juani. Kiti tulimtolea sisi wenyewe. Mwishowe kidole kilikatwa. Siwezi kusema ni jua lililokimaliza. Kisukari huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na mguu usiosikia maumivu haulalamiki. Lakini nilibaki na swali: ni nani alituambia kidonda lazima kikauke?

Ukifuatilia, hofu hiyo ilikuwa na sababu. Karne ya 19 ilipogundua kwamba vijidudu ndivyo vinavyoozesha vidonda, umajimaji ukawa mshukiwa wa kwanza. Pamba kavu, bandeji kavu, kidonda kikavu.

Mwaka 1962 mtafiti mmoja wa London, George Winter, akachapisha makala fupi katika jarida la Nature. Alikuwa amechukua nguruwe wachanga na kuwafanyia vidonda vya juujuu mgongoni. Vingine aliviacha wazi. Vingine alivifunika kwa karatasi nyembamba ya plastiki, fikiria juala, ila safi. Vilivyofunikwa viliota ngozi mpya karibu mara mbili haraka kuliko vile vya wazi. Sababu ni rahisi ukishaambiwa: seli za ngozi mpya hutambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, na haziwezi kutambaa pakavu. Chini ya kigaga hulazimika kuchimba njia hadi zipate unyevu. Kumbe kile cheti chetu cha kupona kilikuwa kizuizi cha barabarani.

Shida ya plastiki ni kwamba hainywi. Kidonda kinachotoa maji mengi kitalowa, na ngozi ya pembeni itaharibika. Kilihitajika kitu chenye maji ndani yake na bado kinaweza kunywa mengine. Kitu cha aina hiyo kilikuwa kimeshazaliwa, kwa kazi nyingine kabisa.

Prague, Otto Wichterle na mwenzake Drahoslav Lím walikuwa wametengeneza plastiki inayofyonza maji bila kuyeyuka: wavu wa molekuli ndefu, maji yamenaswa katikati, laini kama nyama. Waliitangaza mwaka 1960, pia katika Nature. Wichterle aliwazia macho. Miaka miwili nyuma alikuwa amefukuzwa chuoni kwa sababu za kisiasa, na wakubwa hawakuwa na hamu na lenzi zake. Krismasi ya 1961, nyumbani kwake, akaunda mashine kwa Merkur, vile vyuma vya watoto vya kuchezea, na dainamo ya baiskeli. Ikazungusha jeli hadi zikatoka lenzi laini za macho. Hapa hunifurahisha kila nikisoma. Miaka iliyofuata jeli za ukoo huo zikaingia kwenye vidonda pia, zikiwa bandeji za kubandika.

Lakini tusijifanye wazo la unyevu lilianzia Ulaya. Mafunjo ya Misri yanayoitwa Edwin Smith, ya yapata mwaka 1600 KK, yanaagiza kidonda kipakwe asali na mafuta. Asali ni jeli inayofanya kazi: sukari yake huvuta maji, ina asidi, na kimeng'enya kilichomo hutoa hidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Mwaka 2007 Marekani iliidhinisha bandeji za asali. (Usikimbilie chupa ya jikoni. Ile ya hospitali hupigwa mionzi kuua mbegu za bakteria.)

Hatua iliyofuata ilikuwa kuipa jeli ujumbe wa kubeba. Mwaka 1997 Marekani ilikubali jeli ya bekaplemini kwa vidonda vya miguu ya wenye kisukari. Ndani yake mna protini ileile ambayo chembe za kugandisha damu huitoa ili kuziita seli zije kujenga. Mwaka 2008 ikawekewa onyo kuhusu saratani, ambalo baadaye liliondolewa. Ukiambia seli ziongezeke, lazima mtu aulize zitasimama lini. Watafiti wanaotengeneza viraka vya jeli leo bado wanahangaika na swali hilo: itoe nini, kiasi gani, siku ya ngapi.

Na si kila kidonda kinataka unyevu. Kidole kilichokwisha kufa kwa kukosa damu, madaktari huweza kukiacha kikavu makusudi.

Mwaka jana mjomba alipata kidonda kingine, kisigino cha mguu uleule. Safari hii nesi aliweka kiraka cha jeli, akakifunga, akasema tusikifungue hadi atakaporudi. Siku ya pili nilimkuta mzee barazani. Mguu ulikuwa kivulini, umefungwa vizuri, lakini kiti kilikuwa kimesogezwa hadi ukingo wa jua.

"Hata dakika tano tu?" akaniuliza.