Sufuria ya Mama na mchemraba wa Leslie

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, kazi ya kuandika programu imenibana, lakini leo nina kisa.

Nilikuwa nyumbani Nakuru na kipimajoto changu cha infraredi, kile chenye umbo la bastola. Mama alikuwa ameipua sufuria mpya ya alumini yenye maji moto, akaifunika na kuiacha kando. Baadaye akaniuliza kama imepoa. Nikaielekezea ubavuni, kifaa kikaandika 31. "Imepoa, Mama, shika tu." Akaishika. Sitarudia aliyosema, ila vidole viwili vilitoka malengelenge na mimi ndiye niliyeosha vyombo wiki nzima.

Kifaa hakikuwa kibovu. Kosa lilikuwa langu, na lingeweza kuepukika kwa kusoma mambo ya mwaka 1804.

Tuanze 1800 kidogo. William Herschel, mwanaastronomia aliyeishi Uingereza, alitawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akaweka vipimajoto kwenye rangi zake. Kile alichokiweka nje ya nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote, kikapanda kuliko vingine. Hiyo ndiyo infraredi.

Miaka minne baadaye Mskoti John Leslie akachapisha majaribio yake. Alichukua chombo cha bati chenye umbo la mchemraba, akakijaza maji moto. Upande mmoja aliupaka masizi, mwingine akaubandika karatasi, mwingine akauacha uking'aa. Maji ni yale yale, joto ni lile lile. Lakini upande wa masizi ukipewa 100, karatasi ilitoa 98 na bati linalong'aa 12 tu! Hebu soma tena hapo.

Royal Society ilimpa medali ya Rumford kwa kazi hiyo. Kitabu hicho hicho nusura kimkoseshe kazi, maana mwaka 1805 alipoomba uprofesa wa hisabati Edinburgh, baadhi ya makasisi walimpinga kwa sababu ya tanbihi iliyomuunga mkono mwanafalsafa David Hume. (Tanbihi! Mimi hata komenti kwenye kodi huwa siandiki.) Kazi aliipata.

Mwaka 1859 Gustav Kirchhoff akaonyesha kwamba uso unaonyonya mnururisho vizuri ndio unaoutoa vizuri, kwa hiyo unaoakisi sana hutoa kidogo. Josef Stefan mwaka 1879 akaongeza hesabu: mnururisho hukua kwa kipeo cha nne cha halijoto, kwa kelvini. Uwezo huo wa uso kutoa mnururisho huitwa emisiviti, na huandikwa kwa namba kati ya 0 na 1. Ngozi ya mtu ni kama 0.98, ndiyo maana zile bastola za mlangoni mwaka 2020 zililenga paji la uso. Alumini inayong'aa haifiki hata 0.1.

Sasa angalia. Kipimajoto changu hakipimi joto lenyewe. Kinapokea mnururisho, kisha kinapiga hesabu kurudi nyuma kikidhani kila kitu duniani kina 0.95. Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu wa namba iliyogandishwa ndani ya kodi. Sufuria ilitoa kidogo sana, na sehemu kubwa ya kilichofika kwenye lenzi ilitoka kwenye kuta za jikoni, ikaakisiwa na alumini. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimepima ukuta.

Jioni nikachemsha maji kwenye sufuria ile ile. Hapa Nakuru maji huchemka kwenye digrii 94 hivi kwa sababu ya mwinuko. Ubavu mtupu ulisoma 35. Nikabandika kipande cha tepu nyeusi ya mafundi wa umeme, nikapima juu yake: 91.

Mkijaribu nyumbani, acheni tepu ishike joto dakika moja hivi, kisha sogezeni kifaa karibu, la sivyo kitachanganya tepu na alumini iliyo kando yake.