Piii Moja Fupi

Msomaji, sisi wa rika langu tuliijua kompyuta kwa masikio kabla ya macho. Unabonyeza swichi, feni inavuma, kioo bado cheusi, halafu: piii! Moja, fupi. Roho inatulia, unavuta kiti.

Mlio huo ulikuwamo kwenye IBM PC, iliyotoka Agosti 12, 1981 huko Marekani. Ndani ya kasha waliweka spika ya inchi 2.25, kitu cha kawaida tu kama cha redio ya mkononi. Aliyeipigisha kelele ni chipu ya Intel, namba 8253, iliyopokea mapigo 1,193,182 kwa sekunde na kuyagawa. Gawa kwa 1,193, unapata mlio wa mitetemo kama 1,000. Gawa kwa namba kubwa zaidi, mlio unakuwa mzito. Umeme ni washa-zima, washa-zima, ndiyo maana sauti inakwaruza. Na ni sauti moja tu kwa wakati, kiitikio sahau.

Kwa nini mashine ya ofisi ipewe mdomo? Kwa sababu ikiamka inajikagua kwanza, na kama kilichokufa ndicho kinacholeta picha, ujumbe itauandika wapi? Kwa IBM, ndefu moja na fupi mbili zilimaanisha hitilafu ya picha. Makampuni mengine yakajitungia lahaja zao, mafundi wakazikariri kama watoto wa chuoni.

Kadi ya Sound Blaster ilipotoka mwaka 1989, kazi ya Creative ya Singapore, michezo ikahamia spika za nje. Kale ka ndani kakabaki na zamu ya ulinzi. Bodi nyingi za leo hazina hata hako, zinawasha vitaa.

Mimi kalinitoa jasho mwaka 1997. Hadithi yangu ya kwanza ilikuwa ndani ya mashine ya kuazima, nakala sina, kesho yake ndiyo siku ya mwisho kupokelewa. Nawasha: ndefu moja, fupi tatu. Kioo kimya. Nikajua nimekwisha.

Fundi alisikiliza mara moja tu.

"Memori hiyo. Hadithi yako haiko huko bwana, iko kwenye diski. Una ufutio?"

Nikampa wangu wa penseli. Akachomoa vibao vya memori, akasugua meno yake ya shaba, akavirudisha.

Piii. Moja, fupi.

Ufutio ulirudi mweusi tii.