Waliogomea Dharau

Tumezoea kuamini kwamba mfanyakazi akigoma anadai nyongeza ya mshahara. Si mara zote. Kati ya mwaka 1971 na 1973 makabwela wa viwanda vya Dar es Salaam waligoma mara nyingi kwa sababu nyingine: walichoka kudharauliwa.

Hapa kwetu Bagamoyo wazee waliofanya kazi viwandani Dar hawakosekani. Babu mmoja wa mtaani aliniambia, "Mjukuu wangu, njaa mtu huivumilia. Lakini kutukanwa na kijana unayeweza kumzaa, mbele ya wenzio, aa, hapana!" Nikaanza kusoma.

Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa. Kikabaki kimoja tu, NUTA, na katibu mkuu wake alikuwa waziri wa kazi huyohuyo. Sasa mlalamikaji aende wapi? Sheria ya mwaka 1967 ikaufanya mgomo halali kuwa jambo gumu mno. Mwaka huohuo, baada ya Azimio la Arusha, makampuni makubwa yakawa mali ya umma. Bosi mgeni akaondoka, akaja mwenzetu. Lakini kiti kilikuwa kilekile, na ukali uleule.

Februari 1971 TANU ikatoa Mwongozo. Ibara ya 15 ilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Basi! Wafanyakazi wakakichukua kijitabu cha chama wakampimia meneja. Asipojirekebisha, wanazima mashine. Viwanda vingine walimfungia mlango asiingie kabisa. Nani angewaambia wamekosea, na maneno ni ya chama chenyewe?

Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walivuka hapo: walimtoa mwenye mali, wakaendesha kiwanda wenyewe. Serikali ikaridhia. Wengine walipoiga mwaka huohuo, wakaletewa polisi. Kumbe Mwongozo ulikuwa na mpaka wake, ila haukuandikwa kitabuni.

Wapo wasemao migomo ile ilikuwa utovu wa nidhamu tu. Mimi nakataa. Anayegomea mshahara unaweza kumwongeza shilingi, mambo yakaisha. Anayegomea dharau utampa nini? Hapo sharti abadilike bosi, na mabosi wengi wangependa kutoa shilingi kuliko kubadilika.

Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inatambua haki ya kugoma kwa kufuata utaratibu. Ni jambo jema. Lakini kijana wa kibarua anayesubiri getini alfajiri, asiyejua kama kesho ataitwa, atagomaje? Akifungua mdomo tu, nafasi yake anapewa mwingine. Wenzake wa 1971 angalau walikuwa na kijitabu mkononi na ajira nyuma yao.

Vijana wenzangu, wazee wale bado baadhi yao wapo. Tuwaulize leo, tuandike.