Elimu ya Uchumi na Vilima vya Rubaya

Elimu ya uchumi ilianza nyumbani. Wayunani wa kale waliiita oikonomia, yaani utaratibu wa kutunza nyumba. Xenophon aliandika kitabu juu yake, yapata miaka 2400 iliyopita, akaeleza jinsi mwenye shamba apangavyo kazi, watu na akiba yake. Baadaye Adam Smith, aliyekuwa amefundisha maadili huko Glasgow, alitoa mwaka 1776 kitabu juu ya utajiri wa mataifa. Aliuliza: Maji ni uhai, mbona bei yake ni ndogo? Almasi haifai kitu jikoni, mbona bei yake ni kubwa?

Swali hilo twaliona pale Rubaya, katika Masisi yetu. Maji huosha mchanga wa koltani, kisha humwagwa. Koltani hutiwa katika magunia ikasafirishwa ng'ambo, kwa maana ndani yake mna tantalumu, madini yanayotumika katika simu na kompyuta.

Hapo elimu ya uchumi yatufaa. Yatufundisha kwamba bei haitazami jasho la mchimbaji. Yatazama ni wangapi wanaotaka kitu, na kinapatikana kiasi gani. Mwaka 2000 viwanda viliitaka tantalumu kwa haraka, bei ikapanda mara kadhaa. Watu wa Masisi waliacha majembe na ng'ombe, wakaenda kuchimba. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Aliyeijua elimu hiyo angaliweza kumwonya jirani yake asiuze jembe.

Lakini yako maswali ambayo hesabu haiyawezi. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alifunga machimbo ya Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, ili wenye silaha wakose fedha. Yakafunguliwa Machi 2011. Mchumi aweza kupima mapato yaliyopotea miezi ile. Je, ni haki mtoto wa mchimbaji akose ada ya shule ili bunduki zikose risasi? Mizani yake hainyamazishi swali hilo.

Vivyo hivyo, mwisho wa Aprili 2024 M23 waliteka Rubaya, na mwaka huohuo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza kwamba walitoza kodi juu ya koltani. Bei ya kilo yaweza kuandikwa bila kutaja aliyetozwa kwa nguvu. Udongo ukiporomoka, kilo zilizopotea zahesabiwa. Watoto wa baba aliyefukiwa hawamo katika hesabu hiyo.

Basi, tusiidharau elimu hii, wala tusiikalishe katika kiti cha hakimu. Vijana wetu na waisome kwa bidii, wajue kwa nini bei hupanda na kushuka. Na wakiisha kuhesabu magunia, waulize tena swali la kale la nyumba: waliomo humu wanakula, na aliyebeba mzigo amelipwa haki yake?