Nyumba ya Sherlock Holmes na Vyombo Vyake

Sherlock Holmes hakuwa na mke wala mtoto, lakini kaya alikuwa nayo: yeye mwenyewe, Daktari Watson aliyechangia naye kodi, na Bibi Hudson mwenye nyumba, aliyewapikia na kuwavumilia. Arthur Conan Doyle aliwaweka Baker Street namba 221B, London, katika hadithi iliyochapishwa mwaka 1887, wakiwa na vyumba viwili vya kulala na sebule yenye madirisha mawili mapana.

Kilichoijaza nyumba hiyo ni vitu. Tumbaku ilitiwa ndani ya sapatu ya Kiajemi, biri zikawekwa katika ndoo ya makaa, na barua zilizongoja majibu zikachomwa kwa kisu kwenye ubao wa juu ya meko. Ukutani palikuwa na matundu ya risasi yaliyopangwa kuwa herufi V na R, kwa heshima ya Malkia Victoria. (Mpangaji kama huyo nisingempa chumba hata angelipa kodi ya mwaka mzima.) Ngazi ilikuwa na vidato 17. Watson aliipanda mara mamia asijue idadi yake. Holmes alikuwa amehesabu.

Basi, siku zile namba za Baker Street hazikufika 221. Baadaye mtaa ulipangwa upya, na mwaka 1932 kampuni ya mikopo ya nyumba, Abbey, ikafungua jengo lililochukua na namba hiyo. Barua za kumwomba Holmes msaada zikamiminika, hata kampuni ikaweka karani wa kuzijibu. Mwaka 1951 sebule yake iliundwa kwa ajili ya Tamasha la Uingereza. Tangu 1957 imo katika baa moja ya Northumberland Street. Mwaka 1990 makumbusho yakafunguliwa katika nyumba nyingine ya Baker Street, yakajiita 221B, yakagombania barua zile na kampuni kwa miaka, mpaka kampuni ilipohama.

Nilipowafundisha walimu wanafunzi somo la historia, niliwahimiza waamini vitu kuliko masimulizi. Nyumba hii inanitia mashaka. Atakayeingia humo miaka mia ijayo atakuta kiti, kiko, barua na namba mlangoni. Ushahidi wote upo ila mtu.

Na vitu hivyo husafiri. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipomleta mpelelezi wake Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, alimpa kiko, na aliyekwisha kumsoma Holmes alijua mara moja kimetoka sebule gani.