Gari la Vita Lisilo na Paa

Wengi wetu tunaoishi Marekani na Ulaya tumewahi kuingia kwenye makumbusho ya vita na kukuta, katikati ya vifaru, gari moja linalofanana na kifaru kwa kila kitu, ila juu liko wazi kama lori la mchanga. Watoto wetu huuliza pale pale: mbona hawa hawakuwekewa paa? Swali lao ni zuri kuliko wanavyodhani.

Gari hilo huwa ni M10, au wadogo zake M18 na M36. Jeshi la Marekani liliyatumia katika Vita Kuu ya Pili kuwinda vifaru vya Wajerumani. Jenerali Lesley McNair na wenzake walikuwa na hoja yao: vifaru vya adui vikipenya, magari mepesi yenye mzinga mkubwa yaende mbio kuvivizia, yapige, kisha yahame. Mviziaji anahitaji macho na masikio kuliko ngozi nene, na kuondoa paa kulipunguza uzito. M18 lilifika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lakini sehemu kubwa ya chuma chake ilikuwa na unene wa milimita 13 tu.

Ndani walikaa watu watano. Dereva na msaidizi wake walifunikwa. Kamanda, mlenga shabaha na mpakiaji wa risasi walikuwa juu, kwenye kibanda cha mzinga, jua lao na mvua yao.

Tusiwaonee huruma upesi. Kamanda wa kifaru akishafunga kifuniko huchungulia kwenye vitundu. Hawa waliona pande zote. Huko Arracourt, Ufaransa, Septemba 1944, magari ya M18 yalivizia vifaru vya Kijerumani kwenye ukungu, na penye ukungu sikio nalo ni silaha. Moshi wa baruti ulijiendea zake. Kuzungumza na askari wa miguu ilikuwa kuinamisha kichwa tu. Na gari likishika moto, hapakuwa na kugombania kifuniko: uliruka. Tarehe 26 Januari 1945, karibu na Holtzwihr, gari moja la namna hii lilipigwa likaanza kuwaka, na watu wake wakakimbilia msituni. Luteni Audie Murphy ndiye aliyelipanda likiwaka, akashika bunduki yake ya rashasha na kuwazuia Wajerumani kwa muda wa saa moja hivi. Alipewa nishani ya juu kabisa ya nchi yake.

Rashasha hiyo yenyewe ilikuwa balaa. Kwenye M10 ilifungwa nyuma ya kibanda, kwa ajili ya ndege. Aliyetaka kupiga askari wa mbele ilimbidi atoke nje kabisa, asimame juu ya injini. Na kibanda kilizungushwa kwa mkono.

Balaa kubwa ilitoka juu. Katika msitu wa Hürtgen, tangu Septemba 1944, makombora yalipasukia vileleni mwa miti na vipande vya chuma vikanyesha chini. Mjini, mtu wa ghorofani aliweza kudondosha bomu la mkono kama anayemwaga maji. Turubai ilizuia theluji, si zaidi ya hapo. Baadhi ya vikosi vikajitengenezea mapaa vyenyewe.

Sisi hatuwalaumu sana wachoraji wa gari. Walilichora kwa kazi ya kuvizia. Lakini makamanda wa askari wa miguu, wakiona kitu chenye minyororo na mzinga, walikiita kifaru na kukituma mbele kama kifaru, mitaani na misituni. Aliyelipa ni yule kijana mpakiaji, kichwa wazi.

Baadaye M36 liliongezewa mabamba ya chuma ya kukunja juu. Mwanzoni mwa 1945 kifaru kipya, M26, kikafika Ulaya na mzinga wa milimita 90 kama wa M36, kikiwa na paa lake. Vita vilipokwisha, vikosi vya wawinda vifaru vikavunjwa.