Rangi Mbili Kichwani: Nywele na Historia katika Ngara na Biharamulo

Mwanahistoria huzoea kutafuta habari za kale katika maboma, makaburi na barua za watawala, na mara chache hukumbuka kwamba kichwa cha mwanadamu nacho ni hati. Siku hizi, katika saluni za miji yetu, toka Dar es Salaam hata mipakani, vijana hutaka nywele zao zitiwe rangi mbili zinazopingana: shina jeusi na ncha ya dhahabu, au upande mmoja mweusi na wa pili mwekundu. Wazee wengi huwalaumu kwa kuiga wageni. Yatupasa kulipima shauri hili kwa mizani ya historia, na wilaya za Ngara na Biharamulo zafaa kuwa mahali pa kulipimia.

Nchi hizi zimekaa njia panda. Biharamulo iko katika nchi ya kale ya Rusubi, ambako Speke na Grant walipita mwaka 1861 na kulalamika juu ya hongo nzito waliyotozwa na mtawala Suwarora. Misafara ilileta nguo, shanga na mila za pwani. Ngara, kwa upande wake, ina Bugufi, sehemu iliyokuwa chini ya Mwami wa Burundi hata ulipokuja utawala wa kigeni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji waligawana nchi za Wajerumani kwa mapatano ya mwaka 1919. Gisaka ikarudishwa Rwanda baada ya miaka michache, lakini Bugufi ikabaki Tanganyika, na dai la watawala wa Burundi la kurudishiwa halikufaulu. Walakini mpaka uliochorwa kwa wino haukuikata lugha. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi wakikimbia Rwanda, wenyeji wengi wa Ngara waliweza kusemezana nao bila mkalimani.

Katika ulimwengu huo wa vilima nywele zilikuwa na maana kubwa. Mtindo uliojulikana kuliko yote, hasa Rwanda, ni ule uitwao amasunzu. Nywele zilinyolewa kwa mistari iliyopindana kama mwezi mchanga, zikaachwa zisimame kama matuta juu ya kichwa, na kati ya tuta na tuta ngozi ikaonekana. Msomaji na atazame picha zilizopigwa na wasafiri wa Kijerumani walioandamana na Adolf Friedrich wa Mecklenburg katika miaka ya 1907 na 1908: ataona mara moja kwamba uzuri wa kazi ile ulisimama juu ya rangi mbili, weusi wa nywele na rangi ya ngozi iliyonyolewa. Kinyozi hakuwa na dawa ya kubadili rangi. Alikuwa na wembe, na kwa wembe huo alizitenga rangi ambazo mwili wenyewe ulikuwa nazo.

Tena mitindo ile haikuwa pambo tu. Msichana aliyefikia umri wa kuolewa alinyolewa amasunzu ili jamii ijue hali yake. Akiisha kuolewa aliziacha nywele zikue. Mwanamke aliyezaa alivaa urugori, utepe uliotengenezwa kwa bua la mtama na kuzungushwa kichwani. Hapo tena twaona rangi mbili: bua jeupe la manjano juu ya nywele nyeusi. Mtu aliyekutana naye njiani alijua, kabla ya salamu, kwamba huyu ni mama, na heshima yake yatoka kwa uzao kama vile chakula kitokavyo shambani.

Wala pwani haikukosa fikira hiyo. Kiswahili kina maneno mengi ya kunyoa kwa kubakiza: denge, panja, shungi, kinjunjuri. Lugha haiweki maneno mengi kwa jambo isilolijali. Pwani pia kulikuwa na hina. Rangi ya hina hushikamana na unywele, lakini haiwezi kuuondoa weusi. Kwa hiyo mtu mwenye mvi akiipaka, mvi hugeuka rangi ya chungwa, na nywele nyeusi hubaki karibu kama zilivyokuwa. Basi mzee wa Unguja au wa Lamu aliyepaka hina alikuwa na rangi mbili kichwani karne nyingi kabla ya viwanda.

Kilicho kigeni kwa hakika ni dawa. Maji ya kuondoa weusi wa nywele yana asili yake katika kazi ya Thénard, mkemia wa Ufaransa, aliyeyagundua mwaka 1818; na Mfaransa mwingine, Eugène Schueller, alitengeneza rangi ya nywele ya kikemia mwaka 1907. Kwa nywele nyeusi kama zetu njia ni ndefu: sharti kwanza weusi uchomwe kwa dawa, ndipo rangi nyepesi ipate pa kukaa. Unywele hudhoofika, na mara nyingine ngozi huumia. Hapa lawama ya wazee ina msingi, maana wembe haukumdhuru msichana hivyo.

Lakini mtindo wa zamani haukuondolewa na dawa hizi. Dini mpya na shule zilileta kanuni ya kichwa kimoja kwa wote, na mpaka leo mwanafunzi wa shule za serikali hutakiwa awe na nywele fupi zisizo na pambo. Kisha, mwezi wa Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ukapiga vita nguo fupi, suruali za kubana, dawa za kung'arisha ngozi na nywele za bandia, kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa. Nia ilikuwa kukataa utumwa wa fikira. Hata hivyo, jambo la ajabu ni kwamba waliolinda utamaduni walijua vizuri kilichokatazwa kuliko kile kilichopaswa kurudishwa.

Mwezi wa Machi 2018, Lupita Nyong'o, mwigizaji mwenye asili ya Kenya, alihudhuria sherehe za tuzo za Oscar huko Marekani akiwa na nywele zilizofuata mfano wa amasunzu, zimefungwa uzi wa dhahabu. Dunia ikasifu. Nywele nyeusi na uzi wa dhahabu: ndiyo yale yale ya bua la mtama juu ya kichwa cha mama.

Basi tuseme nini? Kijana wa Ngara mwenye rangi mbili kichwani hakuanzisha jambo geni katika vilima vile. Tofauti iko kwingine. Nywele za zamani zilisomwa na kijiji kizima. Zilieleza umri, ndoa, uzazi na cheo. Nywele za leo hueleza alichopenda mwenyewe na alichoweza kulipia, na hapana jirani awezaye kuzisoma zaidi ya hapo. Tulichopoteza ni usomaji, nao haurudishwi kwa amri wala kwa matusi. Hurudishwa kwa kuuliza. Wanafunzi wetu wawaendee bibi na babu wa Bugufi na Rusubi, waandike jina la kila mtindo, nani aliunyoa, nani aliruhusiwa kuuvaa, na kwa siku ipi. Hapo kijana atakayechagua rangi mbili atachagua akijua, na mzee atakayemkanya atakuwa na neno la kumfundisha.